Shavu la Kaka Shaibu

Jani la mnyonyo likipashwa juu ya makaa hutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Ina ukakasi wa kitu kibichi kinachonyauka kwa nguvu, na ikishaingia puani haitoki upesi. Juzi ilinifikia jikoni kwangu hapa Lisekese, ikitokea uani kwa jirani. Mtoto wao alikuwa ameanguka na baiskeli, na nilimsikia mama yake akimbembeleza, "Tulia basi, tulia, likipoa halitafanya kazi." Ilikuwa sauti ya mama aliyezoea watoto wanaoanguka, haikuwa na wasiwasi wowote. Mimi nilifunga dirisha, nikakaa kwenye kigoda, na mboga ikaungua nikiitazama.

Tuliokulia kule juu, upande wa Newala, wengi wetu tumekandwa. Hakuna aliyekimbizwa zahanati kwa sababu ya jicho lililovimba au paji la uso lililoota nundu. Ukianguka kutoka kwenye mkorosho, ukipigwa na mpini wa jembe, ukigongana na mwenzako mkikimbizana, nyumbani maji yalitengwa motoni, chumvi ikatiwa, kitambaa kikachovywa, ukashikwa kichwa ukalia. Siku zikipita uso unarudi kuwa wako. Kaka yangu Shaibu naye alikandwa, tena alikandwa vizuri kuliko mtoto yeyote niliyepata kumwona, kwa sababu aliyemkanda alikuwa Bibi.

Bibi alikuwa mama mzazi wa baba, na tuliishi naye uwanja mmoja pale Chilangala: nyumba ya baba ya bati, na kando yake nyumba ya Bibi ya nyasi ambayo alikataa katakata kuihama. Alikuwa na chale za zamani mashavuni, mistari myeusi aliyochorwa akiwa msichana, na nilipokuwa mdogo nilidhani kwamba aliwahi kuumia vibaya usoni akapona hivyo hivyo, nusunusu. Kwa akili yangu, ndiyo maana alijua maumivu ya uso kuliko watu wote. Mikono yake ilikuwa mipana na haikusikia moto. Wanawake waliojifungua walimwita awakande. Vijana walioteguka mpirani walikuja kwake wakichechemea, wakapiga kelele zilizotuchekesha, kisha wakaondoka wakikanyaga sawasawa.

Kaka Shaibu alinizidi miaka mitatu hivi. Alikuwa mwembamba, mwenye masikio makubwa, na alipiga mluzi kutwa nzima. Alipiga mluzi akifagia chini ya mikorosho, akiwa chooni, akitumwa dukani. Mama alikuwa akisema, "Shaibu, utawaita nyoka," naye angenyamaza mpaka mama ageuke. Bibi, kama mabibi wengi, alimwita mume wangu. "Mume wangu, umeniletea nini leo?" Naye angejibu, "Nimekuletea talaka, umezidi uvivu." Bibi angecheka mpaka akohoe.

Aliumia wakati wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho. Wanaojua mikorosho wanajua majira hayo, asubuhi zenye baridi na ukungu, mashine zinanguruma mashambani, na unga wa njano unatua juu ya majani, juu ya kuku, juu ya kope za watu. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, jambo la kawaida kwetu, na baba alimtuma Shaibu bondeni na baiskeli yenye madumu mawili. Kule kwetu maji yako chini na watu wako juu. Kushuka na madumu matupu ni mchezo, na kupanda nayo yakiwa yamejaa ni adhabu. Alikuwa karibu kufika, anaisukuma baiskeli kwenye mchanga mwingi, gurudumu likazama, dumu likavuta upande mmoja, na usukani ukamgeukia ukamgonga taya la kushoto. Alikuja nyumbani akiwa bado anaisukuma, dumu moja limepasuka, shavu limejaa kama aliyeficha embe mdomoni.

"Pole, baba," mama alisema, akampokea baiskeli.

"Maji yamemwagika," Shaibu alisema. Hilo ndilo lililomsikitisha.

Bibi alikwisha kuchochea moto. Alimkalisha kwenye mkeka, mgongo wa Shaibu ukiwa katikati ya magoti yake, akachovya kipande cha kanga kwenye maji ya chumvi, akakikamua, akakibandika shavuni. Shaibu aliruka. Bibi akamshika. Baada ya maji likafuata jani la mnyonyo lililopashwa mpaka likalegea, na juu ya jani akapitisha kiganja, taratibu, kutoka sikioni kuelekea kidevuni, akiuambia uvimbe maneno ya Kimakonde. "Uka," alikuwa akisema. "Uka, uka." Yaani ondoka, nenda zako. Aliuambia kama mtu anayefukuza mbuzi aliyeingia shambani kwa jirani, bila hasira, kwa kuwa anajua ataondoka.

Na uliondoka. Hilo ndilo ninalorudia kulifikiria hadi leo. Shavu lilipungua, weusi wa damu iliyovilia ukafifia, mluzi ukarudi. Baba alipata dumu jingine. Tukasahau.

Kisha shavu likajaa tena, mahali pale pale. Hakuna aliyeona siku lilipoanza. Asubuhi moja mama alikuwa akimwosha uso, akasimamisha mkono. "Umelala vibaya?" alimwuliza. Shaibu akasema hapana, hapaumi. Kweli hapakuuma. Bibi alibonyeza kwa kidole gumba, akasema damu chafu ilibaki ndani, ilikuwa haijatoka yote. Tukarudi kwenye mkeka.

Mama alimpeleka pia zahanati, nisije nikamsingizia. Walimpa dawa za kumeza, wakasema huenda ni jino, na kwamba uvimbe usipopungua wampeleke hospitali Newala. Alimeza dawa zote. Kwa muda tukaona kama umepungua. Tulikuwa tukitazama shavu lile kila asubuhi, watu wanne, na ukitazama kitu kila asubuhi unaweza kukiona unavyotaka. Baba angesema, "Leo afadhali." Mama angeinamisha kichwa upande huu na upande ule. "Leo afadhali," naye angesema.

Jino lilikuwa kweli linacheza. Shaibu alilitoa mwenyewe akitafuna kochoko, yale mabibo yaliyokaushwa ambayo tulikuwa tukiyaloweka na kuyala kama peremende. Alilitema kiganjani, akanionyesha, akacheka. "Somoe, tazama, nimekuwa mtoto tena." Ndipo Bibi akapata nguvu mpya. Jino limetoka, alisema, sasa ubaya umepata mlango wa kutokea. Akaongeza chumvi kwenye maji.

Ba'mdogo, mdogo wake baba, alikuja Ijumaa moja baada ya swala akasema maneno yake chinichini, kwamba uvimbe unaoondoka na kurudi unatumwa, na kwamba yuko mtu anayemjua. Mama alimjibu bila kumtazama, "Shemeji, mwanangu kapigwa na usukani wa baiskeli. Mtu gani anatuma baiskeli?" Ba'mdogo akaaga. Lakini niliona baba anaichukua ile baiskeli jioni yake, anaiegemeza nyuma ya choo, mahali ambapo hatukuwa tukiiona. Tangu hapo alibeba dumu begani.

Zamu yangu ilikuja muhogo ulipokuwa unatwangwa. Tulikuwa wasichana wawili kwenye kinu kimoja, mimi na binti wa nyumba ya pili, tukipokezana michi kwa wimbo, na tukakosea mapigo. Mchi wake ulinipata chini ya jicho. Nilipozinduka nilikuwa mapajani mwa mama, jicho limefumba, na Bibi yuko jikoni anapuliza moto.

Niseme kweli, nilifurahi. Kwa majuma mengi mkeka ule ulikuwa wa Shaibu peke yake. Yeye ndiye aliyepewa yai. Yeye ndiye aliyeambiwa pole na kila mpita njia. Sasa tukakandwa pamoja, tumekaa bega kwa bega, sufuria moja, chumvi moja, kitambaa kinachovywa kinabandikwa kwake, kinachovywa tena kinabandikwa kwangu. Shaibu alikuwa ameanza kusema kwa shida, maneno yanapitia upande mmoja wa mdomo, na mluzi ulishakatika, midomo haikukutana vizuri. Lakini hakuacha utani.

"Bibi, umeniolea mke wa pili bila kuniuliza," alisema siku ya kwanza tulipokaa wote.

"Huyu simtaki," Bibi alijibu. "Analia sana."

Jicho langu lilifumbuka. Weusi ukageuka kuwa kama madoa ya chai, kisha ukapotea. Nilikuwa nikienda kujitazama kwenye maji ya mtungi, najibonyeza, sioni kitu, hapaumi. Nilimkimbilia Bibi uani. "Bibi, mimi nimepona!"

Bibi alikuwa amemaliza kumkanda Shaibu. Alituita sote wawili mbele ya mlango, penye jua. Akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Akashika kidevu changu kwa mkono mmoja, kidevu cha Shaibu kwa mkono mwingine, akatugeuza, akatazama uso wangu, akatazama wa kaka, akarudi kwangu. Alitazama kwa muda mrefu hata nikaanza kuona haya. Shavu la Shaibu mchana ule, kwa mara ya kwanza, nililiona na mimi. Ngozi ilikuwa imevutika, inang'aa kama tunda, na jicho la upande ule lilikuwa limesukumwa juu kidogo, kana kwamba kuna mtu ndani anayelisukuma kwa kidole.

Bibi alituachia. Akainuka, akaichukua sufuria yenye maji ya chumvi yaliyokuwa bado yanafuka, akayamwaga mchangani.

Kwetu maji hayamwagwi. Maji ya kukandia yalikuwa yanatumika kunawia miguu, na ya kunawia miguu yanapelekwa kwenye mpapai. Nilidhani amenikasirikia mimi. Nilisimama pale nikitazama mchanga unavyoyanywa, nikijiuliza nimekosa nini, na ndipo mawazo yakanijia, yakaingia vizuri na kukaa, kama mawazo ya watoto yanavyokaa: sufuria ilikuwa moja, dawa ilikuwa moja. Aliyepona ni mimi. Basi dawa yote imekuja kwangu.

Bibi alimfuata baba alikokuwa akifagia chini ya mikorosho, kwa kuwa korosho zilikuwa zimekaribia kuanguka. Sikuyasikia vizuri yote, lakini Bibi alikuwa na sauti ya kubeba. "Mwanangu, nimekanda watoto wawili kwa mkono mmoja," alisema. "Mmoja kapona. Huyu mwingine hajapigwa, huyu anaumwa. Mpeleke."

Waliondoka kesho yake, baba na mama na Shaibu, kwa gari la mizigo lililokuwa likienda Newala. Shaibu alivalishwa shati lake la sikukuu. Bibi alimfunga kanga kichwani ikapita chini ya kidevu, kwa ajili ya upepo, na watoto wa jirani wakamcheka kwamba amekuwa bi harusi. Akawanyooshea ngumi. Gari likaondoka.

Kutoka Newala walipelekwa mbele, na kutoka huko wakapelekwa mbele zaidi. Simu ilikuwa moja tu ya karibu, ya mwenye duka, na ilibidi aipandishe juu ya kichuguu ndipo mtandao upatikane. Angemwita Bibi, na Bibi angekwenda anakimbia huku ameshika kanga yake. Baba alikuwa akisema maneno machache. Kwamba wamelazwa. Kwamba ametundikiwa dripu. Kwamba nywele zimenyonyoka lakini shavu limeshuka, limeshuka kweli, hata anacheza na watoto wengine wodini. Siku hiyo Bibi alirudi akiimba. Alinichinjia jogoo, akasema lile paja ni la mume wake, akaninyang'anya, kisha akanirudishia kwa sababu mume mwenyewe hayupo.

Simu iliyofuata ilichelewa sana. Aliporudi kutoka kichuguuni Bibi hakuniambia kitu. Aliokota korosho mpaka giza likaingia.

Wakarudi wakati wa mavuno, uwanja wetu umejaa korosho zinazoanikwa. Sikumtambua kaka. Baba alimshusha mgongoni akamweka kitandani kwa Bibi, kwa kuwa nyumba ya nyasi ilikuwa na ubaridi. Shavu lilikuwa limerudi, limekula jicho, na tumbo nalo lilikuwa limejaa. Mikono na miguu ilikuwa imebaki kama vijiti vya mbaazi. "Somoe," alisema, "mbona umekuwa mrefu?" Sikuwa nimekuwa mrefu.

Baba alimweleza Bibi wakiwa wamekaa barazani, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nimeambiwa nimpepee Shaibu aliyelala. Alisema daktari alikuwa mtu mzuri, aliwakalisha akawaeleza taratibu. Kwamba ugonjwa huu hauletwi na kuanguka. Unatoka ndani, unawapata watoto, na hata asingegongwa na usukani ungekuja tu.

"Hata asingegongwa," Bibi alirudia.

"Ndivyo alivyosema. Nilimwuliza, sasa daktari, tumekosea wapi? Akasema hatukukosea, ila ungewahiwa mapema dawa ingeshika. Nikamwuliza mapema ni lini. Akasema zile wiki za mwanzo uliporudi."

Wote wawili walijua zile wiki za mwanzo tulikuwa wapi. Tulikuwa kwenye mkeka.

Nilichungulia. Bibi alikuwa ameikunja mikono yake na kuiingiza kwapani, kama mtu anayesikia baridi, na lilikuwa jua la mchana. Baba akaongeza kwa haraka, "Mama, sikusema kwa ubaya," na Bibi akajibu, "Najua, mwanangu." Leo nikiwafikiria naona kwamba kila mmoja alikuwa na mzigo wake. Baba aliishi miezi yote ile na ile baiskeli kifuani, akiamini amemuua mwanawe kwa madumu mawili ya maji. Sasa alikuwa ameambiwa kwamba sivyo, na maneno yaliyokusudiwa kumtua mzigo yalimkabidhi mama yake mzigo mwingine. Tena yeye mwenyewe ndiye aliyeyabeba njia nzima mpaka barazani.

Tangu siku ile Bibi hakumgusa Shaibu usoni. Alimpikia uji, akamlisha kwa kijiko, akamwosha miguu, akamfukuzia inzi. Uso aliuacha kwa mama. Shaibu aliona. Watoto wagonjwa wanaona kila kitu.

"Bibi," alimwita siku moja asubuhi, mama akiwa pale anamfunga kanga, mimi nikichambua korosho mlangoni. "Nikande."

Bibi alikuwa ameshika bakuli. "Hapana, mume wangu. Tumepewa dawa hospitali."

"Ile hainipozi. Nikande kama zamani."

"Mikono yangu imezeeka."

"Bibi, panauma." Hakuwa mtu wa kusema panauma. "Nikande tu."

Bibi alimtazama mama. Sitasahau, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona Bibi akimwomba mama ruhusa ya jambo lolote. Mama aliendelea kuifunga ile kanga, akaifungua, akaifunga upya. Hakugeuka. Kisha akasema, "Mkande, mama. Nitatenga maji."

Akatenga maji. Akatia chumvi. Bibi akaenda mwenyewe kuchuma jani, akalipasha, akalipima kwanza kwenye shavu lake lenye chale kuona kama si la moto sana. Alimkanda kwa wepesi ambao hakuwahi kuutumia kwa mtu yeyote, kiganja kinagusa kama hakigusi, kutoka sikioni kuelekea kidevuni. Safari hii hakuuambia uvimbe uondoke. Shaibu alifumba lile jicho moja, akashusha pumzi, akalala. Bibi aliendelea kukanda mtoto aliyelala, mpaka maji yakapoa, na mama akaja akaichukua sufuria, akaenda akayapasha moto tena.

Mimi nami nilikuwa na shughuli yangu. Nilisubiri wakati wakubwa wote wako uwanjani wanaanua korosho, mawingu yametanda, nikaingia, nikapanda kitandani. Nikalaza shavu langu lililopona juu ya lake. Lilikuwa la moto na gumu, halikuwa kama shavu la mtu. Nikabana macho, nikajikaza kama mtu anayesukuma kitu kizito.

"Unafanya nini?" Shaibu aliniuliza.

"Nakurudishia dawa."

"Dawa gani?"

"Ya Bibi. Ilikuja yote kwangu."

Hakucheka. Nilingoja anicheke, kwa kuwa alinicheka kwa mambo madogo kuliko hilo. Nilisikia pumzi yake inavyopita kwa kujikokota. Kisha akasogeza kichwa kidogo kunipa nafasi.

"Basi egemea vizuri," alisema.

Nikaegemea vizuri. Nje mvua za kwanza zilianza kupiga, baba akaita watu waje kusaidia kuanua, na sisi tukabaki vile. Nilipoinuka nilimtazama kuona kama limepungua. Nikaona afadhali.

Alifariki juma lile lile, mchana, watu wamekwenda swala ya adhuhuri. Mama alikuwa naye. Wanaume walikuja, wakamwosha, wakambeba, na sisi wanawake tukabaki uwanjani tukiwa tumekaa chini. Bibi alikuwa ameingiza mikono kwapani. Mtu mmoja aliyekuja kutoa pole, mama mwenye mtoto mchanga, alimwambia Bibi kwamba kiuno kinamsumbua, kwamba siku zikipita atakuja amkande. Hakuwa na ubaya. Bibi akamwambia, "Sikandi tena, mwanangu. Tafuta mwingine." Ikawa hivyo. Aliishi miaka mingi baada ya pale, na watu waliotoka vijiji vya mbali kwa sifa zake aliwapa maji ya kunywa, akawasindikiza mpaka njiani.

Sikumwuliza mtu yeyote kuhusu ile dawa. Niliamini mpaka nilipokuwa msichana mkubwa kwamba nilijaribu kuirudisha nikachelewa. Baadaye, nikiwa na akili ya kujua kwamba chumvi na jani la mnyonyo havina uwezo wa kumhama mtu mmoja kwenda kwa mwingine, nilitegemea nafsi itatulia. Haikutulia. Nilikuwa nimelijua jibu tu.

Mwaka uliofuata, wakati wa masika, niliteleza nikajigonga paji la uso kwenye mwimo wa mlango. Ikatoka nundu, na damu kidogo. Nilipiga kelele kama watoto wanavyopiga kelele, nikingoja nishikwe kichwa nibandikwe kitambaa. Hakuna aliyechochea moto. Bibi alisimama mlangoni kwake, akageuka, akaingia ndani. Mama aliniweka mgongoni, na nilikuwa mkubwa, miguu yangu inaning'inia mpaka magotini kwake, akatembea nami kwenye matope mpaka zahanati, akihema, bila kusimama.

Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa dada mpole. Mama alimwamkia yeye kwanza, akisahau kwamba yeye mama ndiye mkubwa. "Shikamoo," alisema, na yule dada akaona haya, akajibu, "Shikamoo wewe, mama." Akanikalisha, akaniosha, akanimulika macho, akanibonyeza hapa na pale. Akatabasamu.

"Huyu mzima kabisa. Kajigonga tu, damu imevilia. Wala sina haja ya kumpa dawa."

"Mwandikie aende Newala," mama alisema.

"Mama, hapana. Hii siyo ya Newala. Nenda tu nyumbani ukamkande na maji ya uvuguvugu, utie na chumvi kidogo. Siku mbili tatu atakuwa amepona."

Mama alinishika mkono akanitoa nje, nikadhani tunakwenda nyumbani. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akanipakata, akaliweka paji langu shingoni kwake. Watu waliitwa wakaingia, wakatoka, wakaondoka zao. Mvua ikanyesha ikakatika. Yule dada alitoka mara kwa mara akatutazama, na mara ya mwisho alikuwa ameshika funguo.

"Mama, nafunga sasa," alisema. "Nendeni nyumbani."

Mama akanishika kwa nguvu zaidi. Hakuinuka.